Atabishana?

Saa mbili kasoro robo asubuhi, misumari mitatu ilidondoka kutoka upande wa kushoto wa mdomo wa seremala mmoja, ikalia kwenye sakafu ya saruji, na mwenyewe hakugeuka kuitazama.

Mkewe aliisikia. Alikuwa upande wa pili wa karakana akikata kitambaa cha kijivu cha kochi, na tangu waanze kufanya kazi pamoja hakuwahi kusikia msumari ukimponyoka mume wake mdomoni. Mtu huyu alishika misumari midogo ya kuwambia kitambaa kwa midomo, lundo zima kwa mara moja, na bado akaongea, akacheka na kubisha. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Msumari. Mkewe aliitwa Fundi, kwa sababu mteja akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, Msumari alimwonyesha mkewe kwa kidole, akasema yeye ni mpiga nyundo tu.

"Unadondosha," Fundi alisema.

"Nadondosha nini?"

"Misumari."

"Hiyo ni ya jana."

Wa nne ukadondoka, ukafuatwa na mate.

Fundi aliweka mkasi chini, akazunguka meza, akasimama mbele yake. Nusu ya kushoto ya uso ilikuwa imeshuka, kama kitambaa kilichong'oka kwenye fremu. Shati lilikuwa limechomekwa kulia tu. Mkono wa kushoto ulilala juu ya paja kama mali ya mtu mwingine.

"Hebu inua mikono yote miwili."

Akainua wa kulia, nyundo ikiwa bado imeshikwa.

"Na wa kushoto."

"Si huo nimeinua?"

"Hujainua."

"Fundi, asubuhi yote hii unatafuta ugomvi? Mikono yangu yote iko juu."

Hakungoja kusikia zaidi. Nje, mwenye gari la mizigo alikuwa ameshapakia kochi la watu watatu, tayari kulipeleka kwa mteja. Fundi alimwita. Wakambeba Msumari wawili, huku na huku, wakamlaza juu ya kochi lile nyuma ya gari, kwa sababu ndicho kitanda pekee kilichokuwapo na kilikuwa kimeshafungwa kamba.

"Kochi la mteja!" Msumari alilalamika, maneno yakitoka mazito. "Angalau nivueni viatu!"

Wakamvua viatu. Dereva akaondoka kwa kasi ambayo samani haijawahi kuendeshewa, na Fundi akapiga magoti pembeni ya kochi akishika kichwa cha mumewe.

Mlinzi wa getini hospitali aliinua mkono. "Samani zinashushiwa geti la nyuma, mama."

"Tazama juu yake."

Mlinzi akatazama, na kufumba na kufumbua machela ikaja. Kochi lilifika kwa mteja saa chache baadaye. Inasemekana mteja alilipapasa, akasema hakuagiza lililokwisha kupashwa joto.

*

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba mshipa mkubwa unaolisha upande wa kulia wa ubongo ulikuwa umeziba. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini haipewi mtu ambaye haijulikani kiharusi chake kilianza lini, maana ikichelewa inaweza kusababisha damu kuvujia ubongoni. Daktari wa zamu alimuuliza Fundi ni lini alimwona mumewe mzima mara ya mwisho. Angeweza kusema saa mbili kasoro robo. Alifikiri, akasema:

"Jana alipolala. Leo alitoka na shati limechomekwa upande mmoja. Niliona, nikadhani ni uvivu."

Dawa haikutolewa. Alijua kwamba maneno yake ndiyo yaliyoizuia, na alijua pia kwamba ni ya kweli. Hakuyarudia wala kuyajutia.

Usiku ule Msumari alikuwa na maneno tele. Watoto wao, wakubwa na wa mbali, walipiga simu, akawaambia mama yao ametia chumvi. Asubuhi iliyofuata alimweleza muuguzi kwamba mguu mmoja wa kitanda ni mfupi kuliko mingine, na muuguzi aliposema yote iko sawa, akaanza kumfafanulia namna ya kupima kwa kamba. Alifika "kwanza unachukua kamba ndefu", macho yakafumba.

Fundi akangoja. Kamba haikuendelea.

Alitoka mbio hadi kwenye meza ya wauguzi. "Mume wangu amenyamaza katikati ya ubishi."

"Si vizuri apumzike, mama?"

"Humjui. Huyu hanyamazi kabla ya kushinda."

Muuguzi alikuwa kijana, lakini si mzembe. Alikwenda, akamtikisa Msumari bega, akamwita, akamfungua jicho na kulimulika kwa tochi. Kisha akatoka kwa hatua ndefu kwenda kupiga simu. Msumari alipelekwa tena kupigwa picha.

Wifi alifika wakati wanamrudisha. Alikuwa dada wa Msumari, kinyozi mwenye kibanda chake mwenyewe, na alikuja na aproni ya kazi, nywele za mteja zikiwa bado begani. Yeye na Fundi walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

"Umemlisha nini kaka yangu?"

"Alichokilisha kichwa chake mwenyewe, wifi. Keti."

Daktari wa upasuaji wa ubongo alikuwa mwanamke mfupi mwenye kandambili za chumba cha upasuaji na sentensi fupi. Aliwaingiza kwenye kijichumba chenye viti viwili, akasimama yeye.

"Sehemu kubwa ya ubongo upande wa kulia imekufa. Iliyokufa inavimba. Fuvu halitanuki. Uvimbe unasukuma upande ulio mzima, na ukiendelea utakandamiza sehemu ya chini inayoendesha pumzi. Ndiyo maana ana usingizi."

Fundi alifikiri kidogo. "Ni sponji iliyoloa maji ndani ya fremu."

"Endelea."

"Fremu haipanuki. Ama sponji ijikunje, ama utoe ubao wa pembeni."

"Tunatoa ubao wa pembeni," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu mwenye muda. "Kipande cha mfupa, kikubwa kuliko kiganja changu. Tunafungua utando ulio chini yake, tunaweka kiraka kilegevu, tunashona ngozi juu. Ubongo unapata pa kutokea. Mfupa tunauhifadhi kwenye friza. Uvimbe ukiisha, na yeye akipata nguvu, tunaurudisha."

"Kwenye friza?" Wifi alidakia. "Pamoja na nyama za nani?"

"Ni friza ya mifupa tu."

"Inazimika umeme?"

"Ina jenereta yake."

"Sawa, nauliza tu. Yangu inazimika."

Daktari alimgeukia Fundi. "Nitakupa hesabu kama ilivyo. Watu wa umri wake wenye hali hii, wasipofunguliwa, kati ya kumi hufa saba. Wakifunguliwa mapema, hufa wawili."

"Na hao wanane?"

"Hao ndio swali lenyewe. Wengine hutembea na fimbo, wengine hawatembei. Mkono wa kushoto, nisikudanganye, upasuaji huu hauurudishi. Unaokoa uhai. Haufufui kilichokufa."

"Tungoje kesho," Wifi alisema. "Huenda uvimbe ukapungua wenyewe."

"Kesho sitakuwa na cha kufungua chenye faida."

Wakakubaliana wamuulize mwenyewe, maana kichwa ni chake. Walimkuta amelala upande wa kulia. Ilibidi daktari amsugue kifuani kwa vifundo vya vidole ndipo akafungua jicho moja.

"Msumari," Fundi alisema karibu na sikio. "Wanataka kukufungua kichwa."

"Wakute nini?"

Wifi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akaziba mdomo kwa aproni.

"Mkono wako wa kushoto umepooza. Unajua?"

"Mzima kabisa."

Fundi aliuinua mkono ule, akamwekea mbele ya uso. "Huu wa nani?"

Msumari aliutazama kwa umakini wa mtu anayekagua mbao. "Wako."

"Yangu hii hapa miwili."

"Basi una mitatu. Hongera." Na jicho likafumba.

Daktari aliwarudisha kwenye kijichumba. "Si ukaidi. Sehemu ya ubongo inayojua habari za upande wa kushoto ndiyo iliyopigwa. Kwake yeye, kushoto hakupo, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Hata akikubali au akikataa, jibu lake limesimama juu ya mkono asionao. Utaamua wewe."

Wifi aliketi. Fundi alibaki amesimama. Watu wengi mahali pale huanza kujiuliza mgonjwa angetaka nini, wakajibu wanachotaka wao. Fundi alilijua shimo hilo kwa sababu wateja wake hulitumbukia kila siku wanapochagulia wenzao rangi ya kochi. Akaamua kuuliza vitu vinavyojibika.

"Atanijua?"

"Natarajia."

"Atakula?"

"Atafundishwa kumeza upya. Kwa kawaida huwezekana."

"Atapiga nyundo?"

"Kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hautamshikia ubao."

"Ubao nitashika mimi. Atabishana?"

Daktari alikunja uso. "Samahani?"

"Jibu hilo, daktari," Wifi alisema. "Hilo ndilo lenyewe. Yule akikaa kimya tutakuwa tumeokoa mtu mwingine."

Daktari aliinua picha, akaitazama upya kama mtu anayesoma mkataba. "Anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo lugha yake karibu hakika iko upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ni mzima. Tabia siwezi kuiahidi. Maneno yapo, na uwezo wa kuyapanga upo." Akaishusha picha. "Nadhani atabishana."

"Fungua," Fundi alisema, akaomba kalamu.

Wakati machela inasukumwa, Wifi aliifuata mbio hadi kwenye mlango wenye mstari mwekundu sakafuni. "Mnyoeni kwa mashine, si wembe!" alimpigia kelele muuguzi. "Ana kovu nyuma ya sikio la kulia! Mkianzia juu mtamkata!" Muuguzi akainua kidole gumba. Mlango ukafungwa.

Jioni daktari alitoka akivua kofia. "Tulipofungua utando, ubongo ulisukuma nje, mgumu, hausogei. Baada ya dakika chache ukalegea, ukaanza kudunda. Tunapenda ukidunda."

"Na kovu?" Wifi aliuliza.

"Hatukulikata."

"Basi na mimi nasema asante."

*

Mashine ilimsaidia kupumua siku kadhaa. Siku walipomtoa mpira kooni, muuguzi yule kijana alimwinamia, akamwambia kwa sauti ya juu na ya taratibu, kama mtu anayeongea na aliye ng'ambo ya barabara, "Baba, vuta pumzi."

Msumari alijibu kwa sauti ya msasa. "Na nilikuwa navuta nini?"

Fundi alikuwa nje ya mlango na chupa ya maji. Alichuchumaa palepale ukutani, akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kama kuna habari njema au mtu amefariki.

Habari ilikuwa njema, ingawa si kamili. Kushoto hakukuwapo kweli. Walimletea sahani ya chakula, akala nusu ya kulia akaikwangua, kisha akadai kwamba hospitali hii inabana matumizi mno hata inampa mtu mzima chakula cha mtoto. Fundi akaizungusha sahani. Msumari akaona chakula kingine.

"Umeona? Ukilalamika wanaongeza."

"Kilikuwapo muda wote."

"Kilikuwapo wapi?"

"Kushoto."

"Fundi, mimi nina macho."

Wifi naye alipomwona kichwani alipandisha mabega. Upande wa kulia ulikuwa umenyolewa hadi kwenye ngozi, wa kushoto una nywele za wiki kadhaa, na katikati mpaka umekwenda upogo. "Nani alimnyoa huyu? Alikuwa anatetemeka?"

"Alikuwa anaokoa maisha, wifi."

"Mtu anaweza kuokoa maisha kwa mstari ulionyooka."

Uvimbe uliposhuka, pale pasipo na mfupa pakabonyea kidogo, na ngozi ikawa inacheza juu yake akikohoa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mrefu asiye na haraka, alisema hawezi kumsimamisha mgonjwa bila kofia ngumu. Akianguka upande ule, hakuna kitu kati ya ubongo na sakafu isipokuwa ngozi na kiraka. Kofia za hospitali zilikuwa za watoto na moja kubwa iliyopasuka.

"Nipe vipimo," Fundi alisema.

"Unajua kutengeneza?"

"Natengeneza vitu vya watu kukalia. Cha kuvaa kina tofauti gani?"

Tofauti ilikuwapo, na ndiyo iliyomponza. Kila anayewamba makochi hufundishwa siku ya kwanza kwamba sponji hukatwa kubwa kuliko fremu, kwa upana wa kidole kila upande. Ukiikata sawasawa, baada ya muda italegea na kochi litakuwa na mabonde. Mkono wa Fundi ulilijua jambo hili kuliko kichwa chake. Alichukua gamba gumu la kofia ya waendesha pikipiki, akalipunguza, akakata sponji ya daraja la kwanza, akaongeza kidole, na alipofika juu ya lile bonde la kulia akaongeza kidole cha pili ili pasibaki uwazi. Akaifunika kwa kitambaa cha kijivu kilichobaki. Ilikuwa kofia safi. Mtaalamu wa mazoezi aliigeuza mkononi, akaisifu mishono, akamvalisha Msumari, akaivuta mbele na nyuma kuona kama inacheza. Haikucheza hata kidogo.

"Inabana," Msumari alisema.

"Inatakiwa ikae," Fundi alisema.

"Imekaa. Na inabana."

"Wapi?"

"Hapa, kulia."

"Jana ulisema shuka ni nusu. Juzi ulisema chumba kina ukuta mmoja."

"Hayo mengine. Hii inabana."

"Haya, bisha. Daktari aliniahidi utabisha."

Kila aliyekuwapo alicheka, hata mtaalamu wa mazoezi. Msumari alisimamishwa, akasimama kati ya vyuma viwili, mguu wa kushoto ukitetemeka lakini ukibeba. Siku hiyo na iliyofuata alivaa kofia kila alipotoka kitandani, na kila alipovaa alisema inabana, na kila aliposema alijibiwa kwa mzaha. Siku ya tatu alilalamika kichwa kinamuuma na hakumaliza chakula, hata ile nusu yake.

Wifi alikuja na mashine yake ya kunyolea kusawazisha ule mstari uliomkosesha amani. Alimkalisha kaka yake kwenye kiti karibu na dirisha, akamfungulia mkanda wa kidevuni, akavua kofia. Mkono wake ukasimama hewani.

"Wifi, njoo uone."

Fundi akaja. Juu ya bonde lile ngozi ilikuwa na alama nyekundu ya mviringo, imeingia ndani, yenye hata mchoro wa mshono wa kitambaa. Ilikuwa umbo kamili la kile kidole cha pili.

"Umemwamba," Wifi alisema.

Fundi alichukua kofia, akaibonyeza kwa kidole gumba pale kulia, sponji ikarudi juu kwa nguvu, kama sponji nzuri inavyopaswa. Hakuna aliyehitaji kumweleza chochote. Alikuwa ameuziba mlango uleule aliokubali kwa mkono wake ufunguliwe.

"Nilisema inabana," Msumari alisema, bila uchungu, kama mtu anayesoma kipimo.

"Ulisema."

"Mara ngapi?"

"Ulisema pia chakula ni nusu."

"Na kilikuwa nusu."

Walimwita daktari. Alikuja na kandambili zake, akapapasa bonde kwa ncha za vidole, akammulika macho, akampima nguvu za mguu, akaagiza picha. Fundi alisubiri majibu amesimama wima kando ya kitanda, kofia kwapani, na Wifi, ambaye angeweza kusema mengi, akasogea karibu naye. Akamkamata tu kiwiko.

"Hakuna kilichoharibika," daktari alisema aliporudi. "Ingekaa wiki nzima, tungekuwa tunazungumza mengine. Pale pawe patupu kabisa. Kofia isimame kwingine."

"Nilikosea mimi," Fundi alisema. "Alinieleza, nikadhani ni ubishi wa kawaida."

"Ulikuwa ubishi," Msumari alisema. "Lakini wa kweli."

Fundi aliweka kanuni tangu hapo, na hakuifanyia mzaha. Analosema Msumari kuhusu kulia lichunguzwe kwanza ndipo libishiwe. La kushoto libishiwe moja kwa moja.

Kofia ya pili waliitengeneza pamoja, juu ya meza ya kulia chakula ya wodi. Msumari alishika gamba kwa mkono wa kulia, Fundi akawa mkono wa kushoto. Yeye aliyejenga fremu maisha yake yote ndiye aliyesema mzigo ubebwe na paji la uso, kisogo na upande wenye mfupa, na juu ya bonde lipite daraja la mikanda isiyogusa kitu, kama mikanda inayofungwa chini ya mito ya kochi.

"Kaza mkanda huo."

"Umekazika."

"Unacheza."

Kanuni. Fundi akaupima. Ulikuwa unacheza. Akaukaza.

"Sema asante," Msumari alisema.

"Sema wewe. Mkono wako wa kushoto ni mimi."

"Ndiyo maana hausikii."

Muuguzi kijana aliwaomba wapunguze sauti, kwa sababu kitanda cha tatu kulikuwa na mtu anajaribu kulala. Mtu wa kitanda cha tatu akasema hapana, waendelee, alikuwa anataka kujua nani atashinda.

*

Mfupa ulirudishwa baada ya miezi kadhaa. Wakati huo Msumari alikuwa nyumbani, anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi karakana, amevaa kofia ya kijivu ambayo wateja wawili walikwisha kuiulizia bei. Mkono wa kushoto ulibaki kama daktari alivyosema. Aliubeba kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, na alipoulizwa alikiri kwamba ni wake, ila kwa sauti ya mtu aliyerithishwa kitu asichokiomba.

Safari hii Wifi alimnyoa mwenyewe, nyumbani, asubuhi kabla ya kuondoka, kichwa kizima, mng'aro sawa kila upande. "Wakute kazi imeshafanyika," alisema.

Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko ule wa kwanza. Daktari alitoka akasema mfupa umekaa vizuri mahali pake na umefungwa kwa visahani vidogo na skrubu.

"Za ukubwa gani?" Msumari aliuliza alipozinduka na kuambiwa.

"Ndogo sana. Huzijui."

"Skrubu nazijua zote."

Daktari akamwambia ukubwa. Msumari akafikiri, akakiri kwamba hizo hakuzijua, na Wifi akaangalia saa ya ukutani ili akumbuke tukio hilo lilitokea lini.

Kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani, mtaalamu wa mazoezi alitaka kuona anatoka wodini kwa miguu yake. Kofia haikuhitajika tena. Msumari alishika fimbo kwa mkono wa kulia, akasimama, akaanza. Mguu wa kushoto ulijiburura kidogo lakini ulikuja. Fundi alitangulia hadi korido, akageuka kumtazama akija.

Alifika mlangoni, na bega la kushoto likagonga fremu kwa kishindo.

Akarudi nyuma, akauangalia mlango kuanzia juu hadi chini. "Nani alijenga huu?"

"Mlango hauna kosa," Fundi alisema.

"Ni mwembamba. Alipima kwa macho."

"Vitanda vinapita hapa, Msumari. Kitanda chako kimepita hapa mara mbili."

"Basi vilipita kwa shida. Gonga hapa, sikia. Fremu imeingia ndani."

Ilikuwa habari ya kushoto, na kanuni ilisema ibishiwe moja kwa moja. Fundi alimtazama, mtu aliyesimama kwa miguu yake na fuvu zima, uso umekunjamana kwa hasira juu ya kazi ya seremala asiyemjua. Akatoa futi ya kamba mfukoni.

"Shika mwisho huu."

Msumari aliegemeza fimbo ukutani, akashika mwisho wa futi kwa kidole na kuubana kwenye mwimo wa kulia wa fremu ya mlango. Fundi akaivuta hadi mwimo wa pili.

"Soma mwenyewe," alisema.

"Namba iko wapi?"

"Huku kwangu."

Ili aisome, ilibidi ageuze kichwa. Akageuza. Alianza na macho, yakafika katikati yakakwama, kisha shingo ikafuata, taratibu, ikapita mahali ilipokuwa ikiishia siku zote, mpaka akawa anautazama mwimo wa kushoto na kidole cha mkewe juu yake.

"Sentimita mia moja na ishirini," alisoma.

"Upana wako wewe?"

Mtaalamu wa mazoezi aliacha kuegemea ukuta.

Msumari alichukua fimbo. Kichwa akakiacha kimeelekea kushoto, macho kwenye mwimo, kama mtu anayemchunga asiyemwamini. Akapiga hatua, na nyingine. Bega la kushoto lilipita mbele ya fremu bila kuigusa.